Chiang Mai na Watoto: Mwongozo Kamili wa Matembezi ya Siku Moja

Chiang Mai, mji wa kaskazini mwa Thailand, umekaa bondeni. Magharibi yake umesimama mlima Doi Suthep, mashariki ya mji wa kale unapita mto Ping, na ukitoka kwa gari karibu upande wowote, baada ya muda unaanza kupanda. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoponzwa na ramani. Wanaona kilomita 60, wanapiga hesabu ya saa moja, kumbe nusu ya njia ni kona juu ya kona. Mtoto wa kiti cha nyuma ameshatapika, na maporomoko waliyoyafuata wanayafikia jua likiwa utosini. Kwa hiyo mwongozo huu una kigezo kimoja: pima safari kwa kona na mwinuko, kilomita zitafuata. Anza na matembezi ya tambarare mpaka watoto wazoee joto, chakula na saa za kule, halafu mpande.

Kwanza, msimu na makaratasi

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni mwezi wa kwenda. Novemba hadi Januari ndiyo miezi mizuri: asubuhi kuna kibaridi, anga ni safi, mvua ni nadra. Bei za hoteli nazo hupanda, hasa siku za Yi Peng, sikukuu ya taa inayoangukia mwezi mpevu wa Novemba. Juni hadi Oktoba ni masika yao. Mvua hupenda kushuka alasiri au usiku, maporomoko yanajaa, mashamba ya mpunga yanakuwa kijani kibichi, na vyumba vinapatikana kwa bei nafuu. Mimi familia yenye likizo ya Juni au Julai ningeiambia iende bila wasiwasi. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba mvua huzidi. Mwaka 2024 mto Ping ulifurika hadi mitaani, na mabonde ya kaskazini yakapata mafuriko makubwa.

Miezi ya kuepuka ni kati ya katikati ya Februari na katikati ya Aprili. Mashamba ya milimani huchomwa, misitu huungua, na kwa kuwa mji umezungukwa na milima, moshi hukaa bondeni siku nzima bila pa kutokea. Kuna siku Chiang Mai huongoza orodha ya miji yenye hewa chafu zaidi duniani. Mwenye mtoto mdogo au mgonjwa wa pumu asiende kipindi hicho hata tiketi ikiwa rahisi namna gani. Aprili 13 hadi 15 kuna Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ambapo mji mzima humwagiana maji. Watoto wakubwa hufurahia mno, ila matembezi ya nje ya mji yasahau kwa siku hizo tatu.

Kuhusu makaratasi, jambo linalowakwamisha wasafiri wa kwetu ni cheti cha homa ya manjano. Thailand hukidai kwa wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha yake, na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Cheti kikishatolewa ni cha maisha. Mkishuka Bangkok, pitieni kwanza dawati la afya mpigiwe muhuri, ndipo mwende foleni ya uhamiaji, la sivyo mtarudishwa nyuma na watoto wameshachoka. Masharti ya viza yaulizeni ubalozini kwa kila pasipoti, ya mtoto nayo.

Kutoka Bangkok kuna ndege ya saa moja na kidogo, na kuna treni ya usiku yenye vitanda inayotembea kilomita 751. Watoto wengi treni hiyo huikumbuka kuliko hekalu lolote. Vitanda vya chini ni vipana zaidi, na mtoto mdogo anaweza kulala na mzazi.

Mahali pa kulala na chombo cha kusafiria

Mji wa kale ni mraba uliozungukwa na mfereji wa maji, kila upande kilomita moja na nusu hivi. Mfalme Mangrai aliuanzisha mwaka 1296 uwe mji mkuu wa ufalme wa Lanna. Kwa familia, kulala ndani ya mraba huo au nje kidogo ya lango la Tha Phae kunaokoa nauli nyingi, maana jioni mnatoka kwa miguu. Uwanja wa ndege nao ni dakika kumi na tano kwa gari.

Usafiri wa kawaida wa mjini ni rod daeng, pikapu nyekundu zenye mabenchi mawili nyuma. Unaipungia mkono, unamwambia dereva unakokwenda, akikubali mnapanda. Nauli ya mjini ni karibu baht 30 (pesa ya Thailand) kwa mtu. Ukimuuliza kwa mkupuo bei ya familia nzima, mara nyingi atakutajia bei ya kukodi, kwa hiyo uliza ya kichwa kimoja. Programu za simu kama Grab na Bolt zinafanya kazi vizuri, na bei unaiona kabla ya kupanda.

Kwa safari za milimani rod daeng haifai watoto wadogo. Haina mikanda, nyuma iko wazi, na moshi wa barabarani unaingia wote. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kukodi gari na dereva wake kwa siku nzima, mara nyingi kuanzia baht 1,500 na kuendelea kulingana na umbali; uliza mapema kama mafuta yamo, na kama ana kiti cha mtoto. Tangu 2022 sheria ya Thailand inataka mtoto wa chini ya miaka 6 akae kwenye kiti chake, ingawa madereva wengi hawanacho. Ya pili ni kuendesha mwenyewe. Wathai huendesha kushoto kama sisi, jambo linalorahisisha mambo sana kwa Mtanzania au Mkenya. Beba leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani, na chukua gari lenye injini ya kutosha, kwa sababu vigari vya bei ya chini hulia sana kwenye kupanda. Pikipiki na watoto, hapana. Utaona Wathai wamepakia familia ya watu wanne kwenye moja. Wao wamezaliwa nazo, nawe uko likizo.

Mnapopanga saa na dereva, andika kwa tarakimu kwenye simu: 07:00. Saa za jioni Wathai wanazihesabu kama sisi, saa mbili usiku kwao nayo ni ya pili, lakini za mchana wanazihesabu kwa namna yao, na kuelewana kwa mdomo ni kubahatisha.

Siku ya kwanza msitoke mjini

Asubuhi nendeni Wat Chedi Luang, katikati ya mji wa kale. Ni chedi (mnara wa Kibuddha) kubwa ya matofali ambayo kilele chake kiliporomoka kwa tetemeko la mwaka 1545, na haikujengwa tena hadi juu. Pembeni mwake kuna tembo waliochongwa. Wape watoto kazi ya kuwatafuta ni yupi bado ana mkonga. Hekalu moja linatosha. Mji una mahekalu mengi mno, na mtoto aliyeburutwa kwenye matatu asubuhi moja hatataka kuona la nne wiki nzima, nalo la nne ndilo Doi Suthep.

Adabu za hekaluni wafundishe mkiwa hotelini: mabega na magoti yafunikwe, viatu vivuliwe mlangoni, ukikaa usielekeze nyayo kwenye sanamu ya Buddha, na mwanamke asimguse mtawa. Kichwa cha mtu, hata cha mtoto, hakiguswi ovyo. Kanga mbili ndani ya begi zinamaliza nusu ya masharti haya, na zitakuwa taulo, mkeka na pazia la kubadilishia nguo safari nzima. Mbeleko nayo usiiache, kwa sababu kigari cha mtoto hakina kazi kwenye ngazi wala kwenye njia za msituni.

Mchana lalani. Jioni kuna bustani ya Nong Buak Hat, kwenye kona ya kusini-magharibi ya mraba, yenye bembea, bwawa la samaki na mikeka ya kukodi. Kama ni Jumapili, barabara ya Ratchadamnoen hufungwa magari na kuwa soko la kutembea. Saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa hupigwa kwenye vipaza sauti na soko zima husimama kimya, muuza juisi ameshika kikombe, mnunuzi ameshika pesa. Waambie watoto mapema wasimame nao.

Matembezi ya tambarare: bwawa, maji moto na treni

*Huay Tung Tao* ndiyo pikiniki rahisi kuliko zote. Ni bwawa lililo chini ya mlima, dakika ishirini hadi thelathini kaskazini-magharibi ya mji. Pembezoni mwake kuna vibanda vya mianzi vilivyojengwa juu ya maji. Mnachagua kimoja, mnavua viatu, mnakaa mkekani, na chakula kinaletwa: samaki mzima aliyepakwa chumvi na kuchomwa, saladi ya papai bichi, wali wa kunata kwenye kikapu kidogo. Wali ule huliwa kwa mkono, tonge kwa tonge, kwa hiyo watoto wetu hawahitaji mafunzo. Wenyeji huagiza pia kamba wadogo walio hai, wanaorukaruka ndani ya bakuli la ndimu na pilipili. Watazameni kwenye meza ya jirani, inatosha. Upande mmoja wa bwawa kuna masokwe makubwa yaliyotengenezwa kwa nyasi za mpunga. Nendeni siku ya kazi, maana wikiendi mji mzima uko pale.

*Bo Sang na San Kamphaeng* ziko upande wa mashariki na zinaunganishwa vizuri siku moja. Bo Sang, kama kilomita 9 kutoka mjini, ni kijiji cha miavuli ya karatasi. Karatasi yenyewe hutokana na magome ya mforosadi: magome huchemshwa, hupondwa, yakachanganywa na maji, kisha fundi huchovya wavu na kuunyanyua ukiwa na utando mwembamba unaoanikwa juani. Kila hatua inafanyika mbele yako, kuanzia kuchonga mbavu za mianzi hadi kupaka rangi. Mwisho kabisa wamekaa wachoraji wanaochora kipepeo au tembo kwenye begi au kava la simu kwa pesa kidogo. Peleka kitu cheupe cha kila mtoto, fulana au mfuko wa kitambaa.

Kutoka hapo endeleeni hadi chemchemi za maji moto za San Kamphaeng, karibu kilomita 35 kutoka Chiang Mai. Maji hutoka ardhini yakichemka. Mlangoni wanauza mayai kwenye vikapu vidogo vya mianzi. Mnakichukua kikapu, mnakitundika kwenye ndoano juu ya dimbwi, mnasubiri. La kware huwahi, la kuku linahitaji dakika kumi na zaidi likitakiwa kukauka kiini. Dimbwi hilo lina ukingo mfupi na maji yake yanababua, kwa hiyo mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, na anayetundika kikapu awe mtu mzima. Baada ya mayai kuna mfereji wa kuchovya miguu. Unavyoteremka nao ndivyo maji yanavyopoa, watoto waanzie chini kabisa. Nafasi zenye kivuli huwahiwa.

*Lamphun kwa treni* ni matembezi ambayo wageni wengi huyaruka. Panda treni ya daraja la tatu asubuhi kutoka stesheni ya Chiang Mai. Madirisha wazi, nauli ya sarafu chache, safari ya chini ya nusu saa. Lamphun ni mji mkongwe kuliko Chiang Mai. Ulikuwa ufalme wa Hariphunchai, ambao simulizi zinamtaja malkia Chamadevi kama mtawala wake wa kwanza, na Mangrai aliuteka kabla hajaanza kujenga mji wake mpya. Kutoka stesheni chukueni tuktuk hadi Wat Phra That Hariphunchai, yenye chedi ya dhahabu ya mita 46, kuleni tambi za mtaani, na rudini kwa songthaew za bluu, pikapu kama rod daeng, zinazopita barabara ya zamani namba 106. Barabara hiyo ina miti mirefu ya yang iliyopandwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mingi imefungwa kitambaa cha rangi ya mavazi ya watawa ili mtu asithubutu kuikata. Mkienda Julai au Agosti, ni msimu wa lamyai, tunda la jamii ya shokishoki lisilo na nywele. Lamphun ndiyo nyumbani kwake.

Doi Suthep, mlima wa kwanza

Hekalu liko karibu kilomita 15 kutoka mjini, kimo cha mita 1,000 na kitu, na barabara yake ni ya kona. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa tatu mabasi ya wageni yanaanza kufika, nanyi mnashuka.

Watoto wale kidogo kabla ya kupanda: ndizi au mkate mkavu, maziwa yasubiri. Anayechefuka akae mbele kama umri wake unaruhusu, atazame njia, simu iwekwe chini. Barabara hiyo ilijengwa 1935 na watu waliojitolea, wakiongozwa na mtawa Khruba Siwichai. Sanamu yake iko chini ya mlima, na madereva wengi hutoa heshima wakiipita.

Kutoka maegesho kuna vidato zaidi ya 300 vyenye nyoka wa naga kila upande, au kuna kigari cha kuvutwa kwa nauli ndogo. Pandeni kwa kigari, shukeni kwa miguu. Wakiwa juu, wapigieni watoto hadithi ya tembo mweupe: katika karne ya 14 mfalme Kuena alimbebesha tembo masalia matakatifu, akamwachia aende atakako. Tembo akapanda mlima, akalia mara tatu, akafia pale, na hapo ndipo hekalu likajengwa. Sanamu yake imo uani. Kuna kengele nyingi zimepangwa ukutani. Kwanza tazameni wenyeji wanavyozigonga, kisha watoto wafuate.

Wenye watoto wa miaka minane na kuendelea wanaweza kuongeza Wat Pha Lat, hekalu la msituni lililo katikati ya mlima, lenye kijito kinachopita juu ya miamba. Kutoka chini kuna njia ya miguu waliyokuwa wakiitumia watawa, mwendo wa karibu dakika arobaini na tano. Kumbukeni dawa ya mbu. Kasri la Bhubing na kijiji cha Wahmong cha Doi Pui viko mbele zaidi, lakini mkiviunga vyote siku moja mtashuka na watoto wanaolia.

Maporomoko: Mae Sa au Bua Tong

Bonde la Mae Sa, wilaya ya Mae Rim, liko karibu. Maporomoko yake yana ngazi kumi kando ya njia moja ya miguu, kwa hiyo kila familia inapanda hadi inapochoka, inachagua kidimbwi kifupi na kutandika mkeka. Mbele kidogo ipo Bustani ya Mimea ya Malkia Sirikit, iliyoanzishwa 1993, yenye nyumba za vioo na daraja refu la chuma linalopita usawa wa vilele vya miti. Bustani ni kubwa na ina mwinuko. Zungukeni kwa gari. Bondeni humo humo utaona mabango ya kupiga picha na chui milia. Ruka. Mnyama wa porini anayekubali kukumbatiwa na wageni mia kwa siku hajafika hapo kwa hiari. Vijiji vya maonyesho vya wanawake wenye pete shingoni navyo viko njiani, na hivyo navyo ningeviruka.

Lakini kama ni poromoko moja tu mtakaloliona, liwe Bua Tong, kama kilomita 60 kaskazini kwa barabara namba 1001. Hakuna usafiri wa umma unaofika mlangoni. Ni gari lenu au la kukodi, mwendo wa saa moja na nusu.

Pale watu wanapanda poromoko lenyewe, maji yakiwa yanawapitia miguuni. Maji hutoka kwenye chemchemi yenye madini mengi ya chokaa, na chokaa hiyo imeganda juu ya mwamba miaka na miaka ikauacha mkwaruzo kama jiwe la kusugulia nyayo. Mguu mtupu unashika. Viatu ndivyo vinavyoteleza, kwa hiyo vueni. Maegesho na vibanda vya chakula viko juu; mnashuka kwa ngazi za mbao hadi chini, halafu mnapanda kurudi kupitia majini. Mfundishe mtoto kutazama rangi: penye weupe wa krimu au kahawia hafifu kanyaga, penye kijani ni mwani na panateleza hata kwa mwenyeji. Sehemu zenye mteremko mkali zina kamba. Mzazi mmoja atangulie, mwingine awe nyuma ya mtoto, hatua moja chini yake. Wa miaka mitano hivi anapanda akisaidiwa. Mdogo zaidi abaki kwenye madimbwi ya chini na mtu mzima mmoja, na mbeleko hapa isitumike, ukianguka mnaanguka wawili. Vaeni nguo ya kuogelea yenye kaptula juu, maana kukaa kwenye mwamba ule kunatoboa nguo.

Mkishamaliza, tembeeni dakika chache hadi chemchemi yenyewe, Chet Si. Maji yake ni ya samawati, yanachemkachemka bila kuwa na moto. Hapo haogi mtu. Fikeni saa tatu asubuhi na mwondoke saa sita, kabla ya wanaokuja kula mchana.

Tembo, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mtoto aliyekulia Afrika Mashariki huenda ameshamwona tembo Tarangire au Tsavo, akiwa mbali, kwenye gari. Wa hapa ni mwingine. Masikio madogo, kichwa ndicho sehemu ya juu kabisa ya mwili, na majike kwa kawaida hawana pembe zinazoonekana. Mwambie mtoto atazame ncha ya mkonga tembo anapopokea ndizi: wa Asia ana kidole kimoja tu cha kushikia, wa kwetu ana viwili.

Thailand ilipiga marufuku ukataji wa magogo msituni mwaka 1989. Maelfu ya tembo waliokuwa wakiburuta magogo wakakosa kazi, na wenyewe wakawaingiza kwenye utalii, kubeba watu na kufanya mazingaombwe. Leo karibu kila kambi inajiita ya uokoaji, kwa hiyo jina halikuambii kitu. Uliza mambo manne kwa ujumbe kabla ya kulipa. Je, tembo wanapandwa? Je, wanacheza mpira au kuchora picha? Wageni wanaruhusiwa kuoga nao? Na usiku wanalala wapi, wamefungwa minyororo au wako huru? Kambi nzuri itajibu hapana kwa matatu ya kwanza, na la nne italieleza bila kuzunguka. Kuoga nao kunaonekana hakuna ubaya, ila maana yake tembo anaingizwa mtoni mara kadhaa kwa siku kwa ratiba ya wageni. Elephant Nature Park, iliyoanzishwa na mama Saengduean Chailert, anayejulikana kama Lek, katika bonde la Mae Taeng, ndiyo iliyovuma zaidi kwa kufuata njia ya kutazama tu. Nafasi zake hujaa mapema.

Bei za kambi za aina hii ni kubwa kuliko matembezi mengine yote humu, mara nyingi baht elfu mbili na zaidi kwa mtu mzima, watoto nusu au pungufu. Chakula na gari la kuwachukua hotelini huwa ndani. Wenye watoto chini ya miaka minne wachague nusu siku.

Doi Inthanon iwe ya mwisho

Mita 2,565, kilele kirefu kuliko vyote Thailand, karibu kilomita 100 kutoka mjini. Hii ni siku nzima, kwa hiyo iwekeni baada ya watoto kuzoea kona, na siku inayofuata iwe ya kupumzika. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi kwa barabara 108 hadi Chom Thong, kisha 1009 kupanda. Kiingilio cha wageni ni baht 300 kwa mtu mzima na 150 kwa mtoto. Tiketi msitupe, zinaangaliwa tena juu.

Nendeni kileleni moja kwa moja, vituo vingine ni vya kurudi. Asubuhi za Desemba na Januari joto hukaribia sifuri, na kuna siku nyasi huwa nyeupe kwa jalidi. Sweta, kofia na soksi si anasa. Kando ya kilele kuna njia ya mbao ya Ang Ka, mzunguko mfupi ndani ya msitu wa mawingu, miti yote imevaa kuvumwani. Mtoto wa miaka mitatu anaumaliza. Njia ndefu ya Kew Mae Pan inahitaji mwongozaji wa kijijini na hufungwa miezi ya mvua. Ni ya wanaotembea saa mbili hadi tatu bila kubebwa. Chini kidogo ya kilele zipo chedi mbili pacha, zilizojengwa kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwa mfalme Bhumibol mwaka 1987 na ya malkia Sirikit mwaka 1992, na bustani zake ni nzuri kwa vitafunwa vya saa nne. Mkishuka, simameni soko la Wahmong mle stroberi, kisha Wachirathan, poromoko kubwa linalorusha manyunyu hadi njiani; vaeni makoti ya mvua hata kama kuna jua. Saa nane mchana muwe mmegeuza kurudi.

Chiang Rai na hekalu lake jeupe la Wat Rong Khun wauzaji wa safari watawaambia ni matembezi ya siku moja. Ni zaidi ya saa tatu kwenda na zaidi ya tatu kurudi. Mkilitaka, laleni huko. Pai nayo, yenye barabara maarufu kwa kona 762, si ya kwenda na kurudi.

Chakula, dawa na dharura

Chakula cha kaskazini hakina pilipili kali kama cha kusini, ila sema "mai phet" kila unapomwagizia mtoto. Khao soi, tambi kwenye mchuzi wa nazi na bizari zenye tambi nyingine za kukaangwa juu, ndicho chakula ambacho watoto wa pwani hukikubali haraka. Wanaotafuta halali waende mtaa wa Ban Haw, karibu na soko la usiku, kando ya msikiti wa Waislamu wenye asili ya Yunnan nchini China, ambao mababu zao walikuja na misafara ya nyumbu. Pale khao soi ni ya kuku au ng'ombe, na Ijumaa asubuhi kuna soko la wakulima wa milimani. Kwingineko nguruwe yumo hata asikodhaniwa, kwenye supu na soseji. Sema "mai sai mu", na mkiwa nje ya mji tegemeeni samaki, mayai na wali.

Begi la kila siku liwe na maji, chumvi za kurudisha maji mwilini, dawa ya mbu, kwa kuwa mbu wa homa ya dengue huuma mchana, nguo moja ya akiba kwa kila mtoto, mifuko ya plastiki ya kutapikia, na noti ndogo ndogo. Mbwa wa mitaani na nyani msiwaguse. Mtoto akikwaruzwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Gari la wagonjwa ni 1669, polisi wa watalii 1155, nao huzungumza Kiingereza. Nunueni laini ya simu uwanja wa ndege, hifadhini namba hizo kwenye simu ya kila mtu mzima, na mpigeni picha jina la hoteli likiwa limeandikwa kwa Kithai, kwa sababu madereva wengi hawasomi herufi zetu.